Kidole cha Aafke

Kila Alhamisi, wakishakula na vyombo vikishaoshwa, Wubbe Hoekzema aliifuta meza ya jikoni kwa mkono wake mwenyewe, akaweka karatasi, akavuta kiti, akamsubiri mkewe. Ndiyo kazi pekee ya nyumbani aliyoifanya bila kuambiwa. Aafke alikuja akikausha mikono, akakaa upande wa dirishani, akachukua penseli na kuanza kuyakatakata maneno ya mbiu ya Jumamosi: kistari kidogo baina ya silabi na silabi, na mstari mnene chini ya ile inayobeba mzigo. Halafu aligonga ukingo wa meza kwa kucha ya kidole cha shahada, pigo moja zito na mengine mepesi, na Wubbe akasoma akikifuata kile kidole.

Wubbe alikuwa mpiga mbiu wa mji wa Veenhorn. Kila Jumamosi alivaa joho na kofia ya pembe tatu, akapanda ngazi za nyumba ya mizani, pale bidhaa za soko zilipopimwa zamani, akapiga upatu na kulitangazia soko habari za wiki: nani kafungua duka, daraja gani limefungwa, kwaya gani itaimba wapi. Sasa wewe utaniuliza, mwanamume mzima, mzaliwa wa pale pale, anafundishwa kutamka lugha aliyoinyonya kwa mama yake? Ndiyo, anafundishwa! Sisi Kiswahili kimetuonea huruma, mkazo una kiti chake na hauhamihami. Kiholanzi kinaunga maneno kama mabehewa, matatu, manne, na kila behewa lilikuwa na uzito wake kabla ya kuungwa. Yakishaungwa, la mbele ndilo linakuwa bwana na mengine yanainamisha kichwa. Ukiwa mezani na kahawa yako hilo halikusumbui. Kapige kelele sokoni upepo ukivuma ndipo utaona: pumzi inakutoroka, unakuja kuimwaga yote mkiani, na kichwa cha neno kinafia kwa muuza jibini. Wapiga mbiu wa miji ya jirani wamechekwa sana kwa hilo. Wubbe hakuchekwa, na sababu ilikuwa Aafke.

Aafke alisomesha darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi, na nusu ya mji ilijifunza kusoma kwa kumsikiliza akigonga. Alikuwa mke wa kugawana. Dada zake walimtaka, wajukuu walimtaka, majirani, kwaya, watu wa bustani. Wubbe aligawana nao wote wala hakununa. Lakini kidole cha Alhamisi kilikuwa chake peke yake. Yule mwanamke alimsikiliza, jamani, alimsikiliza kwa mwili mzima, kichwa amekilaza kidogo upande, na hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyewahi kumsikiliza Wubbe hivyo. Mama yake mzazi hakuwahi.

Basi Jumamosi moja ya Novemba, mbiu imekwisha, Wubbe akaenda na upatu wake kwapani kununua samaki kwa Hillechien. Huyu Hillechien alikuwa anauza samaki na habari, na habari alikuwa anatoa bure.

"Wubbe, mkeo amerudi kusomesha?"

"Kusomesha wapi? Si amestaafu."

"Aa. Basi macho yangu mabovu. Maana kila Jumanne nikienda kumwona mama napita mtaa wa mferejini, namwona kwa Reindert Buiskool. Wamekaa mezani, anagonga."

"Anagonga nini?"

"Meza, bwana! Ulitaka agonge nini? Yeye anagonga, Buiskool anafumbua mdomo kama huyu hapa." Akamwinua samaki kwa mkia, akamtingisha. "Nikasema moyoni, hee, leo Wubbe kapata mke mwenza wa kiume."

Wateja wakacheka. Wubbe naye akacheka, kwa meno tu. "Najua," akasema. "Aliniambia."

Hakuambiwa kitu! Alichoambiwa ni kwamba Jumanne Aafke ana shughuli zake, na katika nyumba ile mtu akisema ana shughuli zake haulizwi. Alirudi nyumbani na samaki wake, akala, akasema watamu, na hakujua alikuwa anakula nini.

Ingekuwa mtu mwingine yeyote, labda roho isingemuuma vile. Lakini Reindert Buiskool! Alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha unga wa viazi nje ya mji, na ulimi aliokuwa nao haukuwahi kulala. Harusi zote yeye ndiye msemaji, matanga yote yeye ndiye wa kutoa shukrani. Ujanani alikuwa akimwita Wubbe bata mwenye mafua, mbele ya wasichana. Na kiangazi kimoja kizima, kabla hajamkubali Wubbe, Aafke alikuwa anakwenda kwenye maonyesho na kucheza dansi na huyo huyo Reindert. Wubbe alioa, akazaa, akapata wajukuu, na kile kiangazi bado kilikuwa kimemkwama kooni kama mwiba. Reindert alipostaafu alihamia kusini na mkewe. Mke akafariki, na tangu majira ya kuchipua alikuwa amerudi Veenhorn, mjane, amepanga nyumba ndogo mferejini. Watu walisema amerudi na majivuno, ukimsalimia anatikisa kichwa tu. Wubbe alifurahi. Afadhali anyamaze, alisema.

Jumanne ikafika. Aafke akavaa koti, akachukua baiskeli yake, akaondoka na shughuli zake. Wubbe akajikaza, akasoma gazeti, akasoma hata matangazo ya vifo, kisha liwalo na liwe, akachukua baiskeli yake naye.

Nyumba za Veenhorn hazifungi mapazia. Anayefunga ana cha kuficha. Mpita njia ana ruhusa ya kuona lakini hana ruhusa ya kutazama, na tofauti ya mambo hayo mawili kila mtoto anaijua kabla ya kuingia shule. Wubbe siku hiyo aliisahau. Alipita mara ya kwanza akaona taa. Akageuza darajani, akapita tena, akaona kitambaa cha meza, na mkono. Mara ya tatu akasimama kabisa mbele ya dirisha, akainama kana kwamba mnyororo umetoka, akachungulia juu ya kiti cha baiskeli.

Aafke alikuwa amekaa upande wa dirishani, vile vile kama nyumbani. Kichwa amekilaza upande, vile vile. Kidole kikashuka: pigo moja zito, halafu matano mepesi. Reindert akahangaika na midomo. Kidole kikarudia, moja na matano, na Wubbe pale nje kwenye baridi midomo yake ikaanza kwenda yenyewe bila ruhusa: aard, ap, pel, meel, fa, briek. Kiwanda cha unga wa viazi! Kiwanda kilikuwa kinatimiza miaka mia, na neno hilo Aafke alikuwa amemkatia yeye Wubbe Alhamisi iliyopita tu, yeye ndiye aliyelitangaza sokoni. Bado lilikuwa na joto la kinywa chake, na sasa mke wake anamlisha Reindert Buiskool.

Unajua wivu unavyofanya. Haukuulizi. Ulimpanda Wubbe kutoka tumboni hadi masikioni, na kama angekuwa na jiwe mkononi pale angelirusha. Hakuwa na jiwe, alikuwa na mnyororo uliokuwa mzima kabisa, akawa anaupapasa na kuchafua mikono. Ndipo Reindert akainua macho. Wakatazamana kupitia kioo, mmoja mdomo wazi, mwingine vidole vimejaa grisi. Wubbe akapanda baiskeli akaondoka kama mwizi.

Jumanne iliyofuata, pazia la nyumba ya Reindert lilikuwa limefungwa.

Limefungwa! Mchana kweupe, baiskeli ya Aafke imeegemezwa ukutani pale pale kama bendera. Mwenye duka la mikate aliona, postamasta wa zamani aliona, na Hillechien, ambaye siku hiyo hata mama yake hakuwa na haja naye, aliona mara mbili. Wubbe hakusimama safari hii. Alipita kasi, akaenda nyumbani, akakaa jikoni na koti lake mwilini, akangoja.

Aafke aliingia akiwa na pua nyekundu kwa baridi.

"Ulikuwa wapi?" Wubbe akauliza.

"Unajua nilikuwa wapi. Wiki iliyopita ulipita mara tatu na baiskeli, mume wangu, ukainamia mnyororo mzima. Hukuona haya?"

"Mimi ndiye wa kuona haya? Pazia limefungwa, mke wangu yumo ndani, mtaa mzima unanicheka, na mimi ndiye wa haya!"

"Pazia kalifunga kwa ajili yako. Alikuona unavyomtolea macho."

"Kwa nini asinione? Dirisha ni la nini? Kama hamna mnachoficha, anafunga pazia kwa nini? Niambie, Aafke. Ni kile kiangazi? Kimerudi?"

"Kiangazi kipi?"

"Usijitie hamnazo!"

Aafke akavua kofia ya sufu, akaiweka mezani, akakaa. Alikuwa mwanamke asiyependa kusema siri ya mtu, na ilionekana usoni kwamba anaisema kwa kulazimishwa.

"Alipata kiharusi," akasema. "Huko kusini, mkewe hajamaliza hata mwaka kaburini. Miguu imepona, mkono umepona, maneno hayajapona. Anayajua yote, Wubbe, yamo kichwani, yamepangwa, hayatoki tu. Akigongewa yanatoka, silabi moja moja. Anakwenda kwa mtaalamu wa usemi mjini Groningen lakini haitoshi, dada yake akaja kuniomba. Na yeye mwenyewe akaniomba kitu kimoja: mtu asijue. Hasa wewe."

"Kwa nini hasa mimi?"

"Kwa sababu alikucheka sana. Anaogopa sasa ni zamu yako."

Haya. Moyo wa mtu yeyote hapo unalainika, na wa Wubbe ulilainika. Alimwona yule msemaji wa harusi zote amekaa gizani na mdomo wake mtupu, na huruma ikamshika kweli. Ilimshika muda wa kumeza mate. Halafu akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza:

"Unamgongea kwa penseli au kwa kucha?"

"Nini?"

"Nimeuliza. Penseli au kucha?"

Aafke akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Kwa kucha."

"Na lile neno la kiwanda. Lilikuwa la Alhamisi yetu."

"Alifanya kazi pale miaka thelathini na ushee! Akiulizwa ulifanya kazi wapi hawezi kujibu. Nimnyime kwa kuwa wewe umelitangaza?"

"Ungempa lingine. Maneno yamejaa tele."

"Mungu wangu," Aafke akasema, akaanza kucheka, kisha akaacha kwa kuwa aliona mumewe hatanii. "Mtu mgonjwa, Wubbe. Wewe unakionea wivu kidole."

"Nakuonea wivu wewe mzima, na kidole kimo!"

Kwa hilo Aafke angeweza kumbusu, na siku nyingine pengine angembusu. Siku hiyo alinyoosha mkono juu ya meza kama wanavyofanya watu wa kwao wanapopatana bei ya ng'ombe. "Nimemwalika Jumapili kwenye sherehe yangu ya kuzaliwa. Itakuwa mara ya kwanza kukaa na watu. Nipe ahadi. Hutasema kwa mtu, na hutamfanyia kitu."

"Naahidi," Wubbe akasema, wakapigana viganja. Na wakati ule alikuwa anamaanisha, hilo nalitetea.

Jumapili viti vyote vya nyumba vilipangwa duara sebuleni, na vya jirani vikaongezwa. Wanaoingia wanajua kazi yao: unazunguka duara lote, mkono kwa mkono, na kila mtu unampa hongera, si mwenye siku tu. Dada unampa hongera kwa dada yake, jirani kwa jirani yake. Mume unamwambia, hongera kwa mke wako. Ukishamaliza unakaa, unapewa kahawa na kipande kimoja cha keki, unaulizwa barabara ilikuwaje hata kama unaishi mlango wa pili.

Wubbe alikuwa jikoni akimimina kahawa Reindert alipoingia. Aliporudi na sinia, duara lilikuwa limejaa. Reindert amevaa tai, amenyoa hadi anang'aa, maua aliyoleta yako kwenye chombo kizuri, kile cha mama yake Wubbe. Na amekaa wapi? Kiti cha pembeni mwa Aafke. Hapo alipokaa Wubbe kila mwaka. Aafke ndiye aliyempangia, ili awe karibu, na mkono wake ulikuwa umelala kwenye egemeo la kiti cha Reindert kana kwamba umejisahau tu.

"Ninyi, huyu Buiskool vipi?" Hillechien akasema na keki mdomoni. "Zamani sasa hivi ungekuwa umeshapanda juu ya kiti unatuhutubia. Au huko kusini wamekukata ulimi?"

Watu wakacheka, kicheko kizuri tu, hakina ubaya. Reindert akatabasamu, akatikisa kichwa. Na Wubbe, aliyesimama na sinia mlangoni, akakiona kile kidole. Kiligonga mara mbili juu ya egemeo, polepole sana, mtu mwingine asingeona. Kilikuwa kinamwambia Reindert: tulia, si lazima. Ndani ya nyumba ya Wubbe, mbele ya wakwe na majirani, kidole cha Alhamisi kinazungumza na mwanamume mwingine, na Wubbe anasikia kila neno.

Akaweka sinia chini. Akakatiza katikati ya duara, jambo ambalo watu hawalifanyi, akasimama mbele ya kiti cha Reindert na kunyoosha mkono. Sauti aliyotumia ilikuwa ile ya ngazi za nyumba ya mizani.

"Reindert Buiskool! Hongera kwa mke wako!"

Vijiko vikaacha kukoroga. Mtu akiteleza kwenye maneno hayo anasema lo, samahani, mnacheka, yanakwisha. Wubbe hakusema samahani. Alibaki amenyoosha mkono, anangoja jibu kutoka kwa mtu anayejua fika kwamba hawezi kujibu, na nitasema wazi, kwa sekunde kadhaa alijisikia vizuri. Alijisikia kijana.

"Eti mke wake!" Hillechien akapaliwa na keki. "Haya Buiskool, mjibu huyo!"

Reindert alikuwa mwekundu hadi shingoni. Akafumbua mdomo. Neno la hongera kwa Kiholanzi, gefeliciteerd, lina silabi tano na mzigo wote umewekwa mwisho kabisa, mtu mwenye ulimi mzima hulimeza nusu. Ikatoka g, ikakwama. Ikatoka tena g, ikakwama. Watu wakaanza kuelewa, mmoja mmoja, unaona jinsi nyuso zinavyobadilika. Hillechien akaweka sahani yake chini.

Aafke akainua kidole amgongee. Reindert akauweka mkono wake juu ya mkono wa Aafke, akauzuia. Akaanza kujigongea mwenyewe juu ya goti. Moja, mbili, akapotea. Akaanza upya. Moja, mbili, tatu, akapotea, jasho linamtoka kwenye paji. Wubbe mkono wake ulikuwa bado hewani, na hakujua namna ya kuurudisha.

Mara ya tatu neno likaja lote. "Hongera," Reindert akasema. Akaushika mkono wa Wubbe. "Kwa. Mke. Wako. Wubbe."

Aliyasema bila uchungu, na sauti yake ikateremka pale inapostahili kuteremka. Kisha akaachia mkono, akachukua kitambaa kufuta uso, na machoni mwake ulikuwepo ushindi wa mtu aliyevuka mto. Alikuwa anamwangalia Aafke, mwalimu wake, aone kama amesikia.

"Jumanne nzima," Aafke akasema. Alikuwa hamwangalii mumewe, alikuwa anaongea na zulia. "Pazia limefungwa, tunaifanyia kazi sentensi hiyo. Nikamwambia tuanze na rahisi, hakutaka. Alitaka akija hapa akupe mkono wewe, akwambie hivyo. Alisema ana deni la maneno mazuri kwako tangu ujana."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Aafke akasimama, akaleta koti la Reindert, akamvalisha, akavaa na lake. Wakatoka pamoja, mwenye siku yake akaiacha sherehe yake. Wageni walibaki kwenye duara kwa kuwa hakuna aliyewahi kufundishwa la kufanya. Wakala vipande vya jibini na soseji kavu, wakaongea habari za barafu, itakuja au haitakuja. Hillechien, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuongea chochote. Walipoondoka kila mmoja alimpa Wubbe mkono kama desturi, na hakuna hata mmoja aliyemwambia hongera.

Aafke alirudi giza limeingia. Wubbe alikuwa amerudisha viti vyote na kuosha vikombe vyote.

"Nisamehe," akasema.

"Yeye ndiye wa kuombwa."

"Nitamwendea kesho. Nitapiga magoti ikibidi. Nilishikwa, Aafke, nilikiona kidole chako pale kwenye kiti nikashikwa."

"Nilijua umeshikwa. Nilikuona mlangoni. Nikajisemea, ameahidi." Akavua viatu, akaviweka mahali pake. "Nilikuambia siri ya mtu, Wubbe. Nilikuambia kwa kuwa ni wewe. Ukangoja akae katikati ya watu."

"Utaendelea kwenda kwake?"

"Nitaendelea."

"Na Alhamisi?" Hakutaka kuuliza, likamtoka. "Alhamisi yetu je?"

Aafke akamtazama, na Wubbe akatamani amtukane, amtupie kiatu.

"Hilo ndilo unaloniuliza," akasema. "Haya. Alhamisi nitakuja. Kidole utakipata, si ndicho ulichokuwa unakipigania."

Kesho yake Wubbe alikwenda kweli mferejini. Reindert alimfungulia, akamsikiliza akibabaika, akaitikia kwa kichwa, akamtengenezea kahawa. Kwa Reindert yalikwisha hapo hapo, mtu aliyepotewa na maneno hana nafasi ya kuweka kinyongo. Wubbe alirudi amepona nusu, akajipa matumaini kwamba nusu nyingine itapona yenyewe.

Alhamisi akaifuta meza, akaweka karatasi, akavuta kiti. Aafke akaja akikausha mikono. Akakaa upande wa dirishani, akachukua penseli. Mbiu ya wiki hiyo ilikuwa ya mashindano ya kuteleza kwenye barafu, maneno marefu ya kutosha, na alikata vistari vyake sawasawa, akachora mstari mnene pale pale unapotakiwa. Akaanza kugonga. Pigo zito, mapigo mepesi, hakuna lililokosewa.

Wubbe akasoma. Baada ya sentensi mbili akainua macho. Kichwa cha Aafke kilikuwa wima. Alikuwa anatazama nje, barabarani, ambako mtu alikuwa akipita na mbwa. Kidole kinaenda.

Wubbe akafika kwenye neno refu kuliko yote. Akavuta pumzi, na kwa makusudi, akijua, akaumwaga uzito wote mkiani, vibaya, vibaya kabisa, namna ambayo mtoto wa darasa la kwanza angesimamishwa. Akangoja.

Kidole kikasogea kwenye neno linalofuata.

"Aafke," akasema. "Pale nimekosea."

"Eti?" Aafke akageuka kutoka dirishani. "Sikusikia. Endelea tu."